Bakteria rafiki wa mizizi dhidi ya joto kali: mwongozo kamili wa kuwatumia shambani

Nyanya zimechanua vizuri, maji yapo, mbolea imewekwa kwa wakati, wadudu hakuna. Halafu maua yanapukutika na kuacha vikonyo vitupu. Wanaolima mabondeni na nyanda za chini wanaijua hali hii, hasa mwezi wa Oktoba na Novemba kabla mvua hazijatulia. Nyanya hushindwa kushika matunda vizuri joto la mchana likipita nyuzi 32 na la usiku lisiposhuka chini ya 21. Maharage ya kawaida ni dhaifu zaidi: mchana ukipita 30 na usiku ukipita 20, maua huanza kudondoka. Mahindi nayo hayajasalimika. Uchambuzi wa majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kila nyuzi moja juu ya 30, ikidumu siku nzima, hupunguza mavuno kwa asilimia 1 hata mvua ikitosha, na asilimia 1.7 penye ukame.

Wapo bakteria wanaoishi kwenye mizizi ambao huusaidia mmea kustahimili joto la namna hii, na mkulima mdogo anaweza kuwatumia bila mitambo. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: bakteria hawa ni viumbe hai, na joto lilelile tunalotaka watusaidie kulikabili huwaua. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kumtunza bakteria mwenyewe, tangu dukani hadi kwenye shimo la mbegu na wiki zinazofuata.

Wanausaidiaje mmea?

Mmea unapobanwa na joto hutengeneza gesi iitwayo ethilini, ileile inayoivisha ndizi zikifunikwa. Ikizidi, mmea huangusha maua na majani, na mizizi hudumaa. Malighafi ya gesi hiyo ndani ya mmea ni kemikali inayojulikana kwa herufi ACC. Baadhi ya bakteria, wakiwamo wengi wa jamii ya Pseudomonas, wana kimeng'enya kinachoivunja ACC ili wao wapate naitrojeni ya kula. Ethilini inapungua, na mmea unaendelea kukua wakati jirani yake ameshakata tamaa.

Kazi ya pili inafanyika kwenye udongo. Bakteria hutoa ute unaozishika chembe za udongo kuzunguka mizizi na kuhifadhi unyevu. Ng'oa mche wenye afya uutikise: udongo unaobaki umeganda kwenye vinyweleo vya mizizi umeshikiliwa kwa sehemu na ute huo. Kazi ya tatu ni homoni. Azospirillum, kwa mfano, hutoa homoni inayoifanya mizizi itoe matawi mengi, na mizizi mingi huleta maji mengi, nayo maji ndiyo jani hutumia kujipoza.

Ushahidi upo. Mwaka 2009 watafiti wa India walieleza bakteria wa Pseudomonas aliyetolewa kwenye mizizi ya mbaazi katika eneo kame. Miche ya mtama iliyopewa bakteria huyo iliishi kwenye joto kali hadi siku 15, wakati isiyopewa ilikufa kufikia siku ya tano. Huko Saudi Arabia, watafiti wa chuo kikuu cha KAUST walimtoa bakteria aitwaye SA187 kwenye vinundu, yaani vivimbe vidogo vya mizizi, vya mmea wa jangwani wa eneo la Jizan, na wakaonyesha kwamba anaisaidia ngano kustahimili joto.

Ila tafiti nyingi za aina hii zimefanywa kwenye vyungu, na kwa miche michanga. Shambani faida huwa ndogo zaidi na hubadilika kutoka udongo mmoja hadi mwingine. Atakayekuambia kwamba chupa moja itaokoa nyanya zako kwenye nyuzi 40 kwa wiki nzima anataka fedha yako tu.

Hatua ya kwanza: poza udongo kabla hujanunua chochote

Tafuta kipimajoto chenye ncha ya chuma, hata kile cha kupimia joto la nyama jikoni kinatosha. Saa nane mchana, siku ya jua, kichomeke sentimita 5 ndani ya udongo mtupu usio na kivuli. Subiri namba itulie, uandike. Kisha sogea hatua chache hadi palipo na majani makavu yaliyofunika ardhi, au chini ya kunde zilizotambaa, upime tena kina kilekile. Tofauti utakayoiona ni somo tosha. Uso wa mchanga mtupu kwenye jua kali unaweza kupita nyuzi 50, na chini yake kidogo ndipo mbegu yako na bakteria wake watakapolala.

Maharage ya kawaida hufunga naitrojeni (yaani huipata kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizi) vizuri udongo ukiwa chini ya nyuzi 30 hivi. Kunde, karanga na soya huvumilia zaidi, hadi kati ya 35 na 40. Kama kipimajoto chako kinasoma 42 kwenye kina cha mbegu, hakuna pakiti itakayokusaidia mpaka namba hiyo ishuke.

Njia ya haraka ni matandazo: nyasi kavu, mabua ya mahindi, makapi ya mpunga, unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Maeneo kama Dodoma mchwa watayafuata mabua makavu, na wakimaliza mabua wanaweza kuhamia kwenye zao lililonyauka. Hapo ni bora kutumia mimea hai: panda kunde au fiwi katikati ya mistari ya mahindi au mtama zifunike ardhi. Kwa muda mrefu zaidi, miti. Utaratibu wa kisiki hai, wa kuchagua machipukizi ya visiki vilivyomo shambani na kuyapogolea yawe miti, umeenea sana Dodoma na hauhitaji kununua mche hata mmoja.

Pamoja na kivuli, bakteria wanahitaji chakula. Udongo uliochomwa moto kila mwaka na kuachwa bila mabaki hauna cha kuwalisha. Weka mboji iliyoiva au samadi iliyooza vizuri. Kama fedha ni kidogo na huwezi kufanya shamba zima, iweke kwenye mashimo ya kupandia tu.

Hatua ya pili: chagua bakteria anayelingana na zao

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kwa jamii ya kunde tunazungumzia rizobia, bakteria wanaoingia kwenye mizizi na kujenga vinundu vya kufunga naitrojeni. Rizobia huchagua mwenyeji. Chanjo, yaani bidhaa yenye bakteria hao inayopakwa kwenye mbegu, ya soya haifanyi kazi kwenye maharage, wala ya maharage kwenye soya. Soya ni zao la ugeni kwetu, na udongo mwingi wa Afrika Mashariki hauna rizobia wake wa kutosha, kwa hiyo soya ndilo zao ambalo chanjo hulipa kwa uhakika zaidi. Kunde, choroko, karanga na mbaazi mara nyingi huwakuta rizobia wa kienyeji tayari udongoni. Chanjo yake usiitegemee iongeze sana. Maharage yako katikati. Kwa maharage ya sehemu zenye joto, uliza kama chanjo ina Rhizobium tropici, hasa aina ya CIAT 899, ambayo inasifika kwa kuvumilia joto na uchachu wa udongo.

Kwa mahindi, mtama na uwele, wa kutafuta ni Azospirillum. Brazil imeidhinisha aina mbili za Azospirillum brasilense, Ab-V5 na Ab-V6, na wakulima wa huko wanazitumia kwa mahindi na pia kuzichanganya na rizobia kwenye soya. Mwanasayansi Mariangela Hungria wa Embrapa, shirika la utafiti wa kilimo la Brazil, aliyesimamia sehemu kubwa ya kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2025.

Kwa nyanya, pilipili hoho, bilinganya na mboga nyingine za kitaluni, mimi ningeanza na Bacillus, kwa mfano Bacillus subtilis. Sababu yangu ni ya kivitendo: Bacillus hujifunga ndani ya maganda magumu na kuwa spora, zinazostahimili joto na ukavu. Pseudomonas huenda akawa hodari zaidi kwenye suala la ethilini, lakini hana spora, na safari ya basi kutoka mjini inaweza kummaliza.

Hatua ya tatu: nunua kwa macho makali

Mradi wa utafiti wa COMPRO, ulioanza mwaka 2009, ulichunguza bidhaa zaidi ya 100 za kibiolojia na kikemikali zilizokuwa zikiuzwa kwa wakulima nchini Kenya, Ethiopia na Nigeria. Chache tu ndizo zilizothibitika kufaa. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha soma lebo. Lazima iwe na jina kamili la bakteria, si maneno kama "vijidudu vyenye nguvu" peke yake. Iwe na idadi ya bakteria hai, huandikwa kwa herufi CFU. Chanjo nzuri ya rizobia ya unga huwa na karibu bilioni 1 kwa kila gramu. Iwe na tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Iwe na namba ya usajili: kwa Tanzania, mbolea za kibiolojia husajiliwa na TFRA, mamlaka ya mbolea, na zile zinazodai kuua magonjwa au wadudu huwa chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Kisha angalia pakiti imewekwa wapi. Kama iko kwenye rafu linalopigwa na jua la mlangoni, iache hata kama tarehe yake ni nzuri. Muulize mwenye duka imekaa hapo tangu lini, na kama ana friji. Ukinunua, ifunge kwenye gazeti au kitambaa chenye unyevunyevu, iweke kwenye begi, usiipandishe juu ya keria la basi wala kuiacha ndani ya gari lililofungwa. Nyumbani, sehemu ya chini ya friji ndiyo bora, usiigandishe. Bila friji, weka karibu na mtungi wa maji sehemu ya giza, na uitumie mapema.

Hatua ya nne: kupaka mbegu za jamii ya kunde

Andaa kila kitu kivulini, asubuhi na mapema au jioni, na uwe na uhakika kwamba shamba lina unyevu na wapandaji wapo. Mbegu iliyopakwa chanjo hailazwi hadi kesho.

Kwa kila kilo ya mbegu unahitaji gramu 10 hivi za chanjo ya unga na mililita 20 za maji ya vuguvugu yenye gundi. Kipimo cha pakiti yako kikitofautiana, fuata cha pakiti. Gundi nzuri ni gamu arabiki, ambayo mara nyingi huuzwa pamoja na chanjo. Ukiikosa, sukari iliyoyeyushwa hufanya kazi. Kama maji ni ya bomba yenye klorini, yaache usiku kucha kwenye ndoo isiyofunikwa.

Mimina mbegu kwenye beseni safi lisilowahi kubeba dawa. Nyunyiza maji ya gundi kidogo kidogo huku ukigeuza kwa mkono mpaka kila mbegu ing'ae. Isichuruzike, maji yakionekana chini ya beseni umezidisha na ganda la mbegu litabanduka. Sasa nyunyiza chanjo na uendelee kugeuza polepole bila kusugua. Chanjo ya rizobia kwa kawaida ni unga mweusi, kwa hiyo utaona mwenyewe: punje nyeupe ya soya inageuka kuwa nyeusi pande zote. Ikibaki na mabaka, geuza tena. Tandaza kwenye gunia kivulini kwa dakika chache ishikane, funika kwa kitambaa chenye unyevu, peleka shamba.

Panda kwenye udongo wenye unyevu, kina cha sentimita 4 hadi 5, na fukia papo hapo. Usimruhusu mtu atangulie kudondosha mbegu mstari mzima halafu mwingine aje kufukia baadaye. Dakika hizo za jua zinatosha kuharibu kazi yote.

Mbegu zilizokwisha kupakwa dawa ya kuua kuvu, zile za rangi nyekundu au kijani, zinaweza kuwaua rizobia. Tafuta mbegu isiyo na dawa. Wala usichanganye chanjo na mbolea ya chumvi kwenye beseni moja. Fosforasi wanaihitaji sana, kwa hiyo weka TSP au mbolea ya Minjingu kwenye mfereji, ifunike na udongo kidogo, ndipo mbegu ifuate. Urea nyingi mwanzoni ni kosa: mmea ukipewa naitrojeni ya bure hauna haja ya kujenga vinundu. Na kama udongo ni mchachu sana, pH chini ya 5, anza na chokaa msimu mmoja kabla.

Hatua ya tano: mahindi, mtama na miche ya kitalu

Azospirillum wa maji hupakwa kwenye mbegu kwa namna ileile, kwa kipimo cha chupa, bila gundi nyingi. Zaidi ya hapo hakuna jipya.

Kitalu kinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndicho mahali pazuri kuliko pote pa kumpa mmea bakteria. Eneo ni dogo, kivuli unakitawala, mizizi ni michanga na bado haijakaliwa na wengine. Changanya bidhaa ya Bacillus kwenye maji safi kwa kipimo cha lebo, na umwagilie kwenye trei au tuta miche ikiwa na majani mawili ya kweli, jioni, mpaka udongo ulowe hadi chini ya mizizi. Rudia siku moja kabla ya kuhamisha. Siku ya kuhamisha, kwa miche iliyong'olewa kwenye tuta, unaweza pia kuchovya mizizi kwenye mchanganyiko huo, kisha kupanda bila kuchelewa, jioni, na matandazo yawe tayari yametandazwa.

Kwa nyanya wakati wa kufanya haya yote ni wiki kadhaa kabla ya joto. Bakteria aliyewekwa maua yakiwa tayari yanadondoka hana muda wa kujijenga kwenye mizizi.

Hatua ya sita: usiwaue baada ya kuwaweka

Dawa za kopa (madini ya shaba), ambazo wakulima wa nyanya huzipiga mara kwa mara dhidi ya ukungu na madoa, huua bakteria. Usizimwage kwenye udongo, na uache siku kadhaa kati ya kopa na kumwagilia bakteria. Pampu iliyobeba kopa isitumike kwa bakteria isipooshwa vizuri. Bora uwe na keni ya kumwagilia ya kazi hii pekee. Samadi mbichi inayochemka, moto wa kusafishia shamba, na udongo kuachwa ukauke kabisa ni maadui wengine. Kwa wanaomwagilia, maji kidogo mara nyingi katika wiki ya joto yanafaa kuliko mafuriko yanayofuatwa na siku nyingi za ukavu.

Hatua ya saba: chimba uone

Jamii ya kunde inapoanza kuchanua, using'oe kwa kuvuta. Chimba kwa jembe sentimita 15 pembeni ya shina, nyanyua bonge zima, ulitumbukize kwenye ndoo ya maji udongo uachie taratibu. Hesabu vinundu, halafu kata vichache kwa wembe. Ndani pakiwa pekundu au pa waridi, kinafanya kazi; rangi hiyo ni ya protini inayobeba oksijeni, ndugu wa ile iliyo kwenye damu yetu. Cheupe bado ni kichanga au hakifai. Cha kijani au kahawia kimechoka. Vinundu vilivyojikusanya kwenye mzizi mkuu karibu na shina ni dalili kwamba chanjo uliyopaka ndiyo iliyoshika. Angalia usichanganye na minyoo fundo: uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa na huwezi kuutoa kwa kidole, bali kinundu cha rizobia kinabanduka.

Pima kwenye shamba lako

Acha mistari isiyopewa bakteria. Si ile ya pembeni penye udongo mbaya. Gawa shamba vipande, upande uliopewa na usiopewa vikipishana angalau mara tatu, vyote vikiwa na mbolea, maji na matandazo sawa. Panda kwanza visivyopewa, ili mikono isihamishe chanjo.

Kwenye nyanya, chagua mashina kumi kila upande, funga kamba ya rangi kwenye kichala cha tatu, hesabu maua yake, kisha baada ya wiki mbili hesabu matunda yaliyoshika. Namba hiyo inaonyesha athari ya joto mapema kuliko uzito wa mavuno. Kwenye mahindi angalia nafasi za punje zilizokosekana kwenye gunzi, kwa sababu chavua iliyoungua huacha mapengo. Mwishoni pima kwa mizani, si kwa macho. Kama tofauti haizidi gharama ya pakiti, acha kununua na uendelee na matandazo.

Kuhusu bakteria wa kupika nyumbani

Naulizwa sana juu ya kuchachusha maji ya mchele, molasesi na udongo wa msituni. Mboji iliyoiva naipendekeza bila kusita. Rundo likifika nyuzi 55 na kuendelea kwa siku kadhaa, na ukalipindua mara kwa mara ili pande zote zipite katikati, vimelea vingi hufa na bakteria wanaofaa hurudi linapopoa. Lakini kukuza vijidudu usivyovijua ndani ya dumu ni jambo jingine. Baadhi ya ndugu wa bakteria wanaosifiwa kwa kustahimili joto, kama Enterobacter na Burkholderia, wanaweza kumwambukiza mtu mwenye kinga dhaifu. Na udongo uliochukuliwa shamba lingine unaweza kukuletea minyoo fundo au mnyauko bakteria, ugonjwa wa nyanya usio na dawa na unaokaa ardhini miaka mingi. Ukilazimika kutumia mchanganyiko wa nyumbani, mwagilia udongoni tu, kamwe si kwenye mboga zinazoliwa mbichi, na anza na tuta moja.

Kwa rizobia wa soya, shamba lililowahi kuwa na vinundu vizuri linaweza kubaki na bakteria hao kwa misimu kadhaa kama haliachwi wazi juani. Chimba tena msimu ujao kabla ya kununua pakiti nyingine: vinundu vikiwa vingi na vyekundu kwenye mistari uliyopanda bila chanjo, fedha hiyo ipeleke kwenye fosforasi. Azospirillum na Bacillus hawadumu hivyo. Hao huwekwa upya kila unapopanda.